Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Muhima, Kigali
14 Juni 1992

Christella,

Nani alikufundisha kumcheka mtu mzima kwa maandishi? Kicheko cha mdomo hupita na upepo. Wewe umeketi, umechukua kalamu, umeandika "Ha ha, Bibi, umekosa," kisha ukabandika na stempu! Mama yako nilimlea huko huko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa uji na fimbo, na hakuniandikia neno kama hilo hata siku moja. Hicho chuo cha ualimu huko Bujumbura kinakufundisha nini?

Hebu nilirudie fumbo lako, nione nilipokosea. Mwenye ghala amewaamuru wapagazi wake: kila gunia la maharage lifungwe kamba nyekundu. Mbele yangu kuna magunia manne. La kwanza limetoboka, naona maharage, lakini limegeuzwa ukutani, kamba yake siioni. La pili limetoboka vilevile, naona mtama, kamba siioni. La tatu naona kamba nyekundu, ndani sijui kuna nini. La nne naona kamba nyeupe, ndani sijui kuna nini. Unaniuliza nikague yapi tu, ili nijue kama amri imefuatwa. Nikajibu: la maharage na la kamba nyekundu. Na hata kesho nitajibu hivyo hivyo. Nimeuza vitenge tangu mama yako hajavunja ungo. Huyo mwalimu wako Silvère amewahi kuuza nini?

Sasa jambo lenyewe.

Jumapili baada ya misa alikuja Générose, jirani yangu, yule mjane anayewapikia madereva wa kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Unamjua. Mwanawe Armel, wa bohari ya mizigo pale uwanja wa ndege Kanombe, unamjua zaidi, usinifiche, macho ninayo. Mama alikuja peke yake, kabla ya kutuma wazee, apime kama mlango wetu uko wazi. Alileta kibuyu cha urwagwa, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, harufu yake iliingia ndani kabla yake. Daphrose wa nyumba ya pili alikuwepo. Tukaketi. Générose akatia mrija kibuyuni, akanipa mimi.

Akanipa mimi, Christella! Hakuvuta hata tone. Mtoto anayenyonya anajua kwamba kwetu aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, ili anayepewa aone haina kitu. Nikangoja. Nikamwambia, "Onja, binti." Akasema, "Wewe kunywa tu, mama. Leo mimi sijisikii." Nikamjibu, "Mwenye sumu haonji pombe yake. Na wewe huonji. Beba kibuyu chako."

Akakibeba. Alipita nacho barabarani mchana kweupe, kimejaa, na kila mtu anajua maana ya kibuyu kinachorudi kimejaa.

Habari ya Armel imeisha. Soma.

Bibi yako,
Gahongayire


Bujumbura
28 Juni 1992

Bibi yangu,

Nakuamkia. Nisamehe kile kicheko. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Nianze na magunia, kwa sababu ukiyaelewa utaelewa ulichokifanya. Gunia la kamba nyekundu halina la kutuambia. Likiwa na maharage, sawa. Likiwa na mtama, pia sawa, maana mwenye ghala hakusema mtama usifungwe nyekundu. Lile la kamba nyeupe ndilo la kufungua! Humo yakikutwa maharage, amri imevunjwa. Darasa zima tulikosa kama wewe, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mwalimu Silvère anasema karibu watu wote hukimbilia kile kinachofanana na maneno waliyosikia, na wanakiacha kile ambacho kingeweza kuwakatalia.

Sasa tazama, Bibi. Mwenye sumu haonji: nakubali. Lakini hiyo ni njia ya kwenda, si ya kurudi. Kila kuku ana miguu miwili, na wewe una miguu miwili. Je, nikuite kuku? Asiyeonja anaweza kuwa na sumu, anaweza kuwa na jino bovu, anaweza kuwa amefunga, anaweza kuwa na sababu ambayo mimi na wewe hatuijui. Ulimuuliza?

Armel na mimi tulikubaliana Krismasi iliyopita. Mama anajua. Nakuomba, nenda kwa mama Générose umuulize tu. Hodi, swali, basi.

Mjukuu wako,
Christella


Muhima
12 Julai 1992

Wewe mtoto,

Umeniita kuku. Nimeionyesha picha ya babu yako pale ukutani barua yako, na yeye amenyamaza kwa aibu.

Sikiliza nikufundishe mimi sasa. Ulipokuwa mdogo nilikuambia, "Ukimaliza kufagia utakwenda kucheza." Ulielewa nini? Kwamba usipofagia utakwenda kucheza vilevile? Ungelijaribu uone! Maneno ya watu huenda na kurudi. Mtu akisema nyekundu ni ya maharage, maana yake mtama utafute kamba yake. Fumbo lenu limetungwa na mtu asiyeongea na watu.

Na kwenye sumu hatuchezi mafumbo. Shangazi yangu alipewa pombe na mwanamke ambaye hakuonja, na jua la kesho yake hakuliona. Nilikuwa msichana, niliona kinywa chake. Ni afadhali nimfukuze mwema kuliko nimkaribishe mbaya. Ukizeeka utasema hivyo hivyo.

Kumuuliza? Nimuulize mtu, "Samahani, uliniletea sumu?" Yeye ajibu, "Ndiyo, mama"? Akili zenu za shule hizi!

Habari za hapa: Daphrose ana mdomo usio na mlango. Madereva sasa wanakula kwa yule mwingine wa karibu na daraja. Masufuria ya Générose nimeyaona yamefunikwa chini juu uani kwake tangu wiki iliyopita. Mimi sikumtuma Daphrose aseme. Nilisema langu ndani ya nyumba yangu.

Mvua hakuna. Mguu unauma.

Gahongayire


Muhima
9 Agosti 1992

Mwanangu Christella,

Barua yako ya pole imenifikia, Mungu akuzidishie. Unataka kujua kwa nini sikuonja. Hilo usiniulize, mwanangu. Ninayo sababu, na si ya aibu, lakini si sababu ambayo mama anaitoa siku anapokwenda kumtafutia mwanawe mke. Nilidhani bibi yako angeuvuta ule mrija tukaongea mengine. Nilikosea mlango, au nilikosea siku.

Usimchukie. Ana moyo, ila ameuzungushia miiba.

Jiko nimelifunga kwa sasa. Nilikuwa nimechoka hata hivyo. Siku hizi hapa mtaani maneno yakitoka nyumbani hayarudi, kila mtu anamtazama mwenzake mikononi. Armel anakwenda kazini, anakula, nguo zake ni safi. Soma kwa bidii.

Mimi Générose


Bujumbura
18 Oktoba 1992

Bibi,

Nimekaa muda bila kukuandikia kwa sababu kila nilichoanza kilikuwa hakifai kusomwa na mtu mzima.

Armel haandiki. Tangu ile siku ya kibuyu sijapata hata mstari. Nami sikumwandikia. Nianze vipi? "Bibi yangu amemwita mama yako muuaji, wewe u hali gani?"

Wiki iliyopita Mwalimu Silvère alitupa fumbo jingine. Amri ya chuo inasema kila mwanafunzi anayetoka nje usiku awe na kibali cha mlezi. Wapo wanafunzi wanne: mmoja anatoka, mmoja amelala, mmoja ana kibali, mmoja hana. Umkague nani? Darasa zima lilijibu kwa sauti moja: anayetoka, na asiye na kibali! Hakuna aliyekosa. Ni fumbo lile lile la magunia, Bibi, limevaa nguo nyingine. Mwalimu akacheka, akasema binadamu akitafuta mkosaji akili yake inaamka, akitafuta ukweli inasinzia.

Mimi sikucheka. Nilikukumbuka wewe. Siku ile ulikuwa macho kabisa, ulikuwa unatafuta mkosaji, na ulidhani unatafuta ukweli.

Kuna kijana hapa, Kabera, karani wa bandarini. Mama anampenda. Ni mpole, ananisikiliza. Sijampa jibu.

Christella


Muhima
15 Novemba 1992

Christella,

Usinikatize, soma mpaka mwisho.

Jumanne nilikwenda hospitali kumtazama mwanamke wa jumuiya yetu aliyevunjika mguu. Nilipokuwa napita kati ya vitanda nikasikia muuguzi anafoka. Kuna mtu kamletea mgonjwa chupa ya pombe, amtie nguvu, na muuguzi anapiga kelele: "Tulimkataza tangu mwaka jana! Hata tone! Ini limekwisha, mnataka kummaliza?" Aliyeleta chupa ni dada yake Générose, ametoka Kibagabaga. Kitandani ni Générose. Sikumtambua mpaka alipofungua macho. Amekuwa wa manjano, tumbo kama la mwenye mimba.

Tangu mwaka jana, Christella. Kibuyu kilikuja Juni mwaka huu.

Akaniona. Akasema, "Gahongayire, umekuja kutazama kama nimekufa?"

Nikasema, "Nimekuja kutazama kama umenona."

"Nimenona tumbo tu."

Dada yake hakucheka. Nikaketi ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia nini, mama? Ningesema daktari kanikataza, ungeuliza ugonjwa gani. Ningesema ini, mtaa ungesema ni ule mwingine, ule unaokondesha watu. Na wewe ungesema, nani anamwoza mjukuu kwenye nyumba ya ugonjwa? Ungesema, hungesema?"

Ningesema. Wewe unanijua, nisidanganye kwenye karatasi.

"Basi nikaona ninyamaze, utakunywa, tutacheka. Wewe ukapata la kwako."

Nimekwenda kila siku tangu hapo. Nampelekea uji wa ulezi kwenye themosi. Siku ya kwanza namimina, anautazama, ananitazama, anasema kwa sauti: "Onja kwanza." Nikaonja. Wagonjwa wakacheka mpaka mmoja akashika kidonda chake. Kila siku ndiyo hivyo hivyo. "Onja kwanza, mama." Naonja. Mara nyingine nakunywa nusu nzima maana yeye hawezi kumaliza.

Usiku nayafikiria yale magunia yako. Nilijua mtu mmoja asiyeonja, na alikuwa na sumu. Nikambeba huyo mmoja miaka yote kifuani. Sikukaa hata siku moja nikajiuliza: na wasioonja ambao hawakuwa na kitu? Mama yangu mwenyewe alipokuwa na mimba ya mwisho alikuwa haonji, alikuwa akitapika. Tulimwonjea sisi watoto. Nilikuwepo! Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na siku ile halikuja. Lilikuja la shangazi, kwa sababu linaogopesha.

Armel yuko pale kila jioni akitoka Kanombe. Ananisalimia kwa kichwa. Hasemi na mimi, na sikumlazimisha.

Daphrose nimemwambia ukweli. Amesema, "Eeh, lakini wewe mwenyewe ndiye uliyesema." Mimi!

Bibi yako


Bujumbura
29 Novemba 1992

Bibi,

Nimelia, sitaki kukuficha. Mpelekee mama Générose salamu zangu, mwambie namwombea kila siku.

Lakini umeniambia na jambo jingine bila kujua. Armel yuko pale kila jioni. Ana mikono, ana kalamu, stempu zinauzwa Kigali. Mama yake anaugua hivyo, na hakuona mimi ni mtu wa kuambiwa. Mtu aliyekuacha haandiki, Bibi. Armel haandiki. Sina haja ya mwalimu kunifafanulia hilo.

Nimemwambia Kabera wazee wake waje tarehe 26 Desemba. Mama ameshaanza kutafuta mchele mzuri. Nitafurahi ukija. Ukishindwa kwa sababu ya mguu, nitaelewa.

Christella


Muhima
13 Desemba 1992

Mjukuu wangu,

Générose amefariki Jumatano. Siku ya mwisho hakuniambia nionje. Nilimimina uji, nikangoja aseme, hakusema. Nikaonja hata hivyo.

Tumemzika. Watu walikuwa wachache, kwa mtu aliyelisha nusu ya madereva wa Nyabugogo. Baada ya mazishi, chakula kilipikwa uani kwake, kwenye masufuria yake yale yale. Kikapakuliwa. Watu wakashika sahani, wakatazamana, hakuna anayetia mkono. Kwenye msiba wake mwenyewe, Christella, amekwisha kuwa ardhini, na bado wanaogopa chungu chake!

Nikasimama. Nikachota maharage kwa mkono, nikala mbele yao nimesimama. Daphrose akasema polepole, "Mama, si wewe uliyetuambia..." Nikamwambia, "Nilisema. Nilikuwa mjinga. Sasa nasema kula." Wengine wakala. Wengine wakaweka sahani chini kwa adabu, wakaenda zao. Nilipolisema lile neno nilikuwa mmoja tu, nimeketi kwangu. Kulirudisha nimeshindwa, na nimekula mpaka nikaumwa tumbo.

Sasa wewe.

Nimeisoma barua yako pembeni ya moto wa msiba. Mtu aliyekuacha haandiki, Armel haandiki, basi amekuacha. Ni wewe umeandika hivyo? Wewe uliyeniita kuku? Mwanafunzi wa Silvère? Nimeona nilivyokuwa nimeketi Juni na mrija mbele yangu, ila safari hii aliyeketi ni wewe, na bado ni msichana, huna hata shangazi aliyekufa wa kumsingizia.

Nilimwita Armel kando. Nikamwuliza swali, lile usilomwuliza wewe, lile nisilomwuliza mama yake. Nikasema, "Mbona hukumwandikia mtoto?" Akasema, "Bibi, mama aliniapisha nisimtajie mtu ugonjwa wake. Nikishika kalamu naona lazima nimdanganye Christella au nimsaliti mama. Nikaiweka chini. Kisha nikangoja yeye aandike. Hakuandika. Nikajua ameamua kusimama upande wako."

Umesikia? Na yeye! Wote wawili mmeketi mnangoja, kila mmoja ameshahukumu.

Nikamwuliza, "Bado unamtaka?" Akanitazama, macho ya mama yake yale yale, akasema, "Hilo nitamwambia yeye." Basi sijui. Usidhani najua. Inawezekana anakutaka, inawezekana amechoka na ukoo wetu, na akichoka simlaumu. Nimejifunza nikiwa na meno matatu kwamba mtu anayenyamaza, ninachokijua juu yake ni kwamba amenyamaza. Mengine nimeyatia mimi.

Sitakuambia umchague nani. Nimekwisha kukuchagulia mara moja, na umeona.

Barua hii sikuipeleka posta, nimempa dereva wa basi ikufikie kesho. Nakuagiza hivi. Leo hii, kabla hujavua viatu, nenda kwa Kabera. Mwambie kwa mdomo wako, si kwa barua, si kwa mama yako, kwamba wazee wake wasije tarehe 26, na umwambie sababu yote, ya kibuyu, ya Générose, ya Armel. Asikie kwako, asije akaketi yeye naye anakisia. Akikasirika, mwache akasirike mbele yako. Halafu panda basi la Jumanne. Mimi nitakuwa Nyabugogo na mguu wangu. Hutaingia kwangu kwanza. Utakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Armel, uketi msibani na wenzako, umwulize, na ungoje ajibu mpaka amalize.

Weka karatasi hii chini. Nenda.

Gahongayire